Haki ya Mwenye Tiketi

Mwishoni mwa Novemba 2025 mwimbaji mashuhuri wa Japani, Ayumi Hamasaki, alipanda jukwaani mjini Shanghai, nchini China, akaimba onyesho lake tangu mwanzo hadi mwisho mbele ya viti 14,000 visivyokuwa na mtu. Onyesho lilikuwa limefutwa siku moja kabla. Serikali za Tokyo na Beijing zilikuwa zimekosana kwa sababu ya matamshi ya Waziri Mkuu wa Japani, Bibi Sanae Takaichi, juu ya Taiwan, na wasanii wa Kijapani waliokuwa China wakajikuta katikati ya ugomvi usiokuwa wao. Mwenzake mmoja, Maki Otsuki, alikatizwa katikati ya wimbo katika mji uo huo, taa zikazimwa, akaondolewa jukwaani mbele ya watu waliokuwa wakimtazama.

Si kazi ya tahariri hii kuhukumu siasa za Mashariki ya Mbali. Lililotushughulisha ni jambo dogo ambalo wengi walilipita. Dunia nzima ilimsifu mwimbaji kwa moyo wake wa kuimba mbele ya ukumbi mtupu, na sifa hizo alistahili. Lakini juu ya wale watu ambao viti vile vilikuwa vyao, waliokwisha kununua tiketi, kulipa nauli na kuomba ruhusa kazini, hayakusemwa mengi. Mwimbaji alipata heshima na serikali ikapata ilichokitaka, na mpenzi wa muziki akabaki na kipande cha karatasi.

Wasomaji wetu wa Visiwani wasidhani kwamba haya ni mambo ya Wajapani na Wachina. Sisi nasi tunayo yetu, tena yapo kwa wingi, na yanafanana.

Usiku wa Jumamosi, tarehe 30 Agosti 2014, Watanzania, Wakenya na Waafrika wengine waishio Ujerumani walikusanyika Stuttgart kumngojea Diamond Platnumz. Wakati huo nyota yake ilikuwa imepanda kwa kasi. Miezi miwili tu kabla ya hapo alikuwa Marekani miongoni mwa walioteuliwa kugombea tuzo ya BET, na wimbo wake alioshirikiana na Davido wa Nigeria ulikuwa ukipigwa kila pembe ya Afrika. Mtu anayeishi ugenini, asiyesikia Kiswahili barabarani kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, haendi katika onyesho kama hilo kwa sababu ya muziki peke yake. Huenda kukutana na watu wa kwao, kuvaa nguo zilizokaa sandukuni, kumwonyesha mtoto aliyezaliwa huko kwamba lugha ya mama yake huimbwa na watu wakashangilia. Basi watu walingoja. Saa zikapita, usiku wa manane ukapita, na alfajiri ilikuwa inakaribia pale msanii alipotokea. Hasira iliyokuwa imelimbikizwa ikalipuka. Vitu vilirushwa, vyombo vya muziki vikavunjwa, na onyesho likaharibika. Upande wa msanii ulieleza baadaye kwamba kosa lilikuwa la mwandaaji.

Huenda ndivyo ilivyokuwa. Hatuna sababu ya kubishana na maelezo hayo. Bali tunauliza: aliyesimama ukumbini tangu jioni angejuaje? Yeye hakuuziwa tiketi yenye picha ya mwandaaji. Aliuziwa tiketi yenye picha ya mwimbaji. Mkataba uliokuwapo baina ya msanii na mwandaaji hakuuona, hakuwa na namna ya kuuona, na wala hakuna aliyedhani kwamba anastahili kujua hata kifungu kimoja ndani yake.

Desemba 2024 mambo yakajirudia karibu zaidi na nyumbani. Diamond huyo huyo alifika Nairobi kwa ajili ya tamasha la Furaha City, kukatokea mzozo uliomhusisha msanii wa Kenya, Willy Paul, juu ya nani apande jukwaani lini, na mgeni akaondoka bila ya kuimba. Siku iliyofuata kila upande ulikuwa na maelezo yake. Maelezo yalikuwa mengi kweli kweli, mtu angeweza kuyasoma mchana kutwa. Onyesho tu ndilo halikuwapo.

Tumemtaja Diamond mara mbili, na baadhi ya wapenzi wake wataona tunamwonea. Hatumwonei. Anatajwa kwa sababu ndiye aliyekwenda mbali kuliko wengine, na mti mrefu ndio unaokutana na upepo mwingi. Alikiba, mpinzani wake wa miaka mingi, yalimfika ya namna nyingine. Tarehe 8 Oktoba 2016 Mombasa ilimkaribisha Chris Brown wa Marekani, na waimbaji wa Afrika Mashariki wakapangwa kutangulia. Alikiba alikuwa jukwaani mbele ya watu wa Pwani waliomjua na kuimba pamoja naye, mara sauti ikakatwa kabla hajamaliza ili kumpisha mgeni. Huyu alifika, alikuwa tayari, na alikuwa anaimba. Safari hii waliodhulumiwa walikuwa wawili, msanii na msikilizaji wake, na aliyeshika swichi hakuwajali wote wawili.

Na wapo waliokosa onyesho kwa sababu ya haki kutendeka. Julai 2016 Koffi Olomidé wa Kongo aliwasili uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, akaonekana katika picha za video akimpiga teke mmoja wa wanenguaji wake wa kike. Serikali ya Kenya ilimkamata na kumrudisha kwao, na onyesho lililokuwa limetangazwa halikufanyika. Sisi tunaiunga mkono hatua ile bila ya kusitasita. Mwanamke hapigwi teke kwa sababu mpigaji ana sauti nzuri. Lakini hata hapo, baada ya dola kumaliza kazi yake kwa haraka ya kusifika, suala la fedha za watu liliachwa kuwa la wenye tiketi na waandaaji wao.

Sasa tuje kwa msikilizaji mwenyewe, maana ndiye aliyetufanya tukashika kalamu. Kagerankanda ni kata katika Wilaya ya Kasulu, kwenye nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha, nchi ya mahindi, maharage na misitu. Msomaji wa Unguja au Pemba atauliza mahali hapo panamhusu nini. Panamhusu sana. Diamond kwa upande wa mama yake ana asili ya Kigoma. Alikiba naye asili yake ni Kigoma hiyo hiyo. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huo walijikusanya chini ya jina la Kigoma All Stars, mbunge Zitto Kabwe akiwa mstari wa mbele kuwaunganisha, wakatoa wimbo uliopewa jina la Kiha, Leka Dutigite. Hakuna mkoa wa Bara uliojitolea majina makubwa kiasi hicho kwa muziki wa kizazi kipya na wakati huo huo ukawa mbali kiasi hicho na kumbi ambamo muziki huo huuzwa.

Mwishoni mwa Desemba 2019 Diamond alikwenda Kigoma kuadhimisha miaka kumi ya kazi yake. Alisafiri kwa treni ya Reli ya Kati, njia ile ile wanayosafiri watu wa huko wakiwa na magunia na madumu yao ya mawese, akaimba katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Kwa mtu wa Masaki labda hilo lilikuwa onyesho moja zaidi. Lakini mkulima kijana wa Kagerankanda au wa vijiji vya Kibondo hufikiri kwa hesabu nyingine kabisa. Kwanza atoke kijijini mpaka Kasulu mjini. Kisha atoke Kasulu mpaka Kigoma, zaidi ya kilomita 90. Onyesho ni la usiku, kwa hiyo hawezi kurudi siku ile ile. Alale mahali, ale, arudi kesho yake. Desemba ni mwezi wa palizi, siku mbili za jembe zimepotea. Kiingilio ni sehemu ndogo tu ya gharama yake, na hata akirudishiwa kiingilio hajarudishiwa hata nusu ya alichotoa.

Badala ya Kagerankanda weka Micheweni au Wete, badala ya basi weka boti, na hesabu ni ile ile. Kijana wa Pemba anayevuka kwenda Unguja kusikiliza onyesho lililotangazwa kwa vipaza sauti wiki nzima amelipa baharini kabla ya kulipa mlangoni. Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaosema kwamba starehe si jambo la kuandikiwa tahariri. Mtu akiuziwa mbegu za mahindi zisizoota, maofisa watakwenda dukani. Akiuziwa usiku wa muziki usiokuwapo anaambiwa pole, ndiyo mambo ya burudani hayo.

Wazee wetu hawakuwa na tatizo hili kwa sura hii, na yafaa kueleza ni kwa nini. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri za His Master's Voice, na sauti yake ikasikika katika mwambao mzima. Lakini mwenye kuisikia katika santuri alijua kwamba mwenyewe yupo Unguja, anaonekana, anaitwa arusini, anaimba mpaka usiku mkubwa. Katika taarabu yetu, tangu Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905 hadi vikundi vya leo, kuna desturi ya kutunza. Neno likimgusa msikilizaji, huinuka, huenda mpaka kwa mwimbaji, akampa fedha mkononi. Yaani sehemu ya malipo huja baada ya kazi, na aliyeimba vibaya huona kwa macho yake kwamba hakuna aliyeinuka. Huo ulikuwa ukaguzi wa hesabu wa namna yake, na haukuhitaji ofisi. Bara nako, katika enzi za NUTA Jazz, Vijana Jazz na Mlimani Park, wanamuziki wengi walikuwa waajiriwa wa mashirika na jumuiya, wenye mshahara, wakipiga katika kumbi zinazojulikana kwa siku zinazojulikana. Ukikosa Jumamosi hii, ungewakuta Jumamosi ijayo.

Onyesho la leo la mwimbaji mkubwa ni biashara nyingine. Msikilizaji hulipa mwanzo, yote, kwa mtu asiyemjua, kwa ahadi ya jambo litakalotokea mara moja tu. Tena matarajio yake hayakutengenezwa na onyesho. Yametengenezwa na wimbo uliorekodiwa studio, ukasafishwa, ukatiwa picha za magari na majumba. Anakwenda akitaraji kukutana na wimbo ule. Anachokutana nacho mara nyingi ni mtu mmoja aliyechoka na safari, anayefungua mdomo juu ya sauti yake mwenyewe inayotoka katika kompyuta, kwa dakika ishirini au thelathini, kisha walinzi wanamzunguka na gari linaondoka. Kuna watu wanaorudi nyumbani na huzuni wasiyoweza kuieleza, kwa kuwa msanii alikuja na nyimbo zilipigwa, hivyo hawana la kulalamikia. Na kwa kweli hapo sheria haiwezi kusaidia sana. Uvivu wa jukwaani hauna kifungu. Adhabu yake ni watu kutorudi tena, basi.

Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Unguja tangu mwaka 2004, lilichagua njia ya kudai muziki upigwe moja kwa moja kwa vyombo, si kuimba juu ya kanda iliyokwisha tayarishwa. Wapo wasanii wakubwa ambao kwa sharti hilo hawawezi kupanda jukwaa la Ngome Kongwe. Waandaaji wa tamasha hilo walipokosa fedha mwaka 2016 walifanya jambo ambalo halifanywi na wengi: walitangaza kwamba mwaka huo tamasha halitakuwapo, na halikuwapo. Lilirudi mwaka 2017. Watu walisikitika, wenye hoteli walipata hasara, lakini hapakuwa na umati uliosimama mlangoni ukiambiwa ngojeni kidogo, msanii yupo njiani.

Neno hilo la "yupo njiani" ndilo adui mkubwa. Kufutwa kwa onyesho mapema ni hasara; kutofutwa wakati mwandaaji anajua hakika kwamba hakuna onyesho ni udanganyifu. Katika mengi ya matukio ya namna hii ndiko tatizo huanzia: mwandaaji amelipa sehemu tu ya fedha za msanii, akitumaini kwamba makusanyo ya mlangoni yatamaliza deni. Milango inafunguliwa. Msanii, au meneja wake, yupo hotelini akisema hatoki mpaka alipwe kilichobaki. Mwandaaji anahesabu noti mlangoni. Watu wamo ndani, na kila saa wanayongoja ni saa ya wao kumkopesha mwandaaji bila ya wao kujua. Hesabu ikitimia mwimbaji atatokea saa tisa ya usiku na kuomba radhi. Isipotimia, viti vitaruka.

Hapa ndipo tunapowageukia maofisa wa Serikali, wa Bara na wa Visiwani, kwa heshima lakini bila ya kuficha. Baraza la Sanaa la Taifa lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1984. Desemba 2018 lilimfungia Diamond pamoja na Rayvanny wasitumbuize ndani na nje ya nchi, kwa kuimba jukwaani wimbo uliokuwa umepigwa marufuku. Kifungo kiliondolewa Januari 2019 baada ya wao kuomba radhi. Huku kwetu, Machi 2024, Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni la Zanzibar lilimfungia Zuchu kwa miezi sita kwa sababu ya onyesho lake la Kendwa, ambalo Baraza liliona limevuka mipaka ya maadili na silka za Wazanzibari. Watu wanatofautiana juu ya adhabu hizo na sisi leo hatuingii katika mabishano hayo. Tunachokiona ni hiki: mabaraza haya yana mkono, na mkono huo ni mrefu. Unaweza kumfikia msanii jukwaani Mwanza, unaweza kumfikia Kendwa, na kwa maneno ya tangazo la mwaka 2018 unaweza kumfikia hata akiwa ng'ambo.

Mkono huo unaopima maneno ya wimbo na urefu wa nguo unaweza pia kushika mkataba mmoja na kuusoma. Mwandaaji hafanyi onyesho bila ya kibali. Kwa nini kibali kitolewe kabla hajaonyesha kwamba msanii amekwisha lipwa, au kwamba fedha yake imewekwa benki ambako haitaguswa mpaka onyesho lifanyike? Saa ya kuanza iandikwe kwenye tiketi kama inavyoandikwa saa ya kuondoka boti, na chini yake yaandikwe masharti ya kurudishiwa fedha kwa Kiswahili kinachosomeka. Mwandaaji aliyekula fedha za watu Tanga asipewe kibali cha Kahama mwezi unaofuata kwa jina la kampuni jipya. Jambo hili linahitaji daftari moja tu, na maofisa utamaduni wa mikoa na wilaya wanaosomeana daftari hilo.

Zipo tena tume zenye dhamana ya kumlinda mlaji: Bara ipo Tume ya Ushindani, na Zanzibar ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Tumezoea kuzisikia katika habari za bidhaa bandia, mabati, nyaya za umeme na vipodozi. Onyesho la muziki lililotangazwa kwa picha ya mtu asiyekuwa na mkataba wa kufika ni bidhaa bandia pia, na yafaa tume hizo ziseme hadharani kama zinakubali kwamba hilo ni lao au si lao. Mwananchi akijua mlango ulipo ataubisha.

Wapo watakaotujibu kwamba masharti haya yatawaua waandaaji wadogo, wale vijana wanaokopa ili wamlete mwimbaji katika mji usiofikiwa na mtu. Hoja hiyo ina uzito na hatuipuuzi. Bila ya waandaaji wa namna hiyo Kasulu isingemwona msanii yeyote, wala Chake Chake. Amana isiwe kiasi kimoja kwa wote. Onyesho la ukumbi wa shule lisipimwe kwa kipimo cha uwanja wa mpira. Lakini mwandaaji mdogo mwaminifu ndiye anayeumizwa kwanza na yule tapeli, kwa kuwa mji uliodanganywa mara moja haununui tiketi ya pili, hata akija mkweli.

Kuhusu maonyesho ya ng'ambo, balozi zetu haziwezi kugeuzwa kuwa walinda milango ya kumbi za muziki, na hatuombi hivyo. Lakini jumuiya za Watanzania zipo katika miji mingi ya Ulaya, Marekani, na Muscat kwa ndugu zetu wa Oman, na ubalozi hukutana nazo. Baraza likiwa na orodha ya wasanii waliochukua kibali cha kusafiri na majina ya waliowaalika, hakuna ugumu wa kuipeleka orodha hiyo ubalozini, ili mtu wa Stuttgart aweze kupiga simu kabla ya kununua.

Wasanii wenyewe nao wasikae pembeni wakitazama mabaraza na waandaaji. Koffi alifukuzwa Kenya kwa kosa lake mwenyewe, lakini wengi huharibiwa majina kwa makosa ya watu waliowakodi. Mwimbaji anayekubali picha yake itumike kuuza tiketi kabla ya mkataba kutiwa saini ameazima uso wake kwa mtu asiyemjua. Kinshasa, Septemba 1974, pambano la Muhammad Ali na George Foreman liliahirishwa mpaka tarehe 30 Oktoba baada ya Foreman kuchanika juu ya jicho mazoezini. Tamasha la muziki lililopangwa kwenda pamoja nalo lilikuwa na kila sababu ya kufutwa, kwani wageni waliotarajiwa hawakuja. James Brown, B.B. King, Miriam Makeba na Franco walipanda jukwaani kwa siku zile zile zilizotangazwa, tarehe 22 hadi 24.

Msimu wa maonyesho utakapofunguliwa tena, maombi ya vibali yatafika mezani kwa maofisa, Unguja, Pemba na Kasulu. Yatakuwa na jina la msanii, jina la uwanja, tarehe na kiasi cha kiingilio. Tunawaomba maofisa hao waulize pia saa, na waulize fedha ya msanii ipo wapi, kabla ya kugonga muhuri.